Mazoezi Hayakukingi na Ugonjwa wa Mwinuko Kilimanjaro
Wengi huamini kwamba mkimbiaji hodari haugui ugonjwa wa mwinuko, yaani maradhi ya kupanda juu haraka kuliko mwili unavyozoea. Si kweli. Mazoezi huimarisha miguu na moyo, lakini katika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea, uwe wa mwanariadha au wa karani. Tena mwenye nguvu ndiye ninayemhofia zaidi, maana humpita mwongozaji anayemsihi aende polepole.

Ukipitia njia ya Marangu, lipia siku ya ziada kwenye kambi ya Horombo, mita 3,720: mchana panda juu zaidi, kisha rudi ulale palepale. Kichwa kikiuma, mwambie mwongozaji usiku huohuo. Ukianza kuyumba kama mlevi, teremka mara moja, hata kilele kikiwa kinaonekana.