“Virusi vimelala”: kauli inayowachelewesha wenye homa ya ini aina ya B

Mwezi huu peke yake nimeisikia kauli hiyo kliniki mara nne: “Daktari, mimi ni mbebaji tu, virusi vyangu vimelala.” Wa nne kuitamka alikuwa mvuvi wa miaka 41, aliyegundulika na virusi vya homa ya ini aina ya B miaka 6 iliyopita alipokwenda kujitolea damu. Karatasi ya majibu aliitunza ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa hadi mikunjo ikaanza kuchanika, lakini hakurudi kupimwa kwa sababu haumwi. Kilichomleta ni uzito chini ya mbavu za kulia, na utrasaundi ikaonyesha uvimbe wa sentimita 7.

Ini huchelewa kuuma kwa kuwa nyama yake haina neva za maumivu. Zilizopo zimo katika utando unaolifunika, nao hauvutwi mpaka ini livimbe au uvimbe uufikie. Isitoshe, ini huendelea kufanya kazi hata sehemu yake kubwa ikiwa imegeuka makovu, kwa hiyo mtu hula, hulala na kuvuta nyavu zake kama kawaida. Macho ya manjano, tumbo kujaa maji na kutapika damu, ambavyo wengi hungoja kuviona ndipo waje, kwa mgonjwa wa muda mrefu mara nyingi ni dalili kwamba ini limeshaelemewa.

Ni kweli kuna kipindi ambacho virusi huwa vichache na ALT, kimeng’enya kinachopanda kwenye damu seli za ini zikiumia, haijapanda. Hata hivyo, hali hiyo haithibitishwi kwa kipimo kimoja, na inaweza kubadilika wakati wowote. HBsAg, kipimo cha damu kinachotafuta kirusi hiki, ikiwa chanya inatuambia kwamba kirusi kimo, basi. Haisemi lolote kuhusu hali ya ini. Nahitaji ALT, wingi wa virusi, chembe sahani (chembe zinazogandisha damu) na utrasaundi, tena kwa kurudia. Mwanaume mwenye ALT ya 38 huambiwa yuko sawa kwa sababu maabara nyingi huweka kikomo kwenye 40, ilhali mimi nikiona imezidi 30 kwa mwanaume au 19 kwa mwanamke huanza kutafuta sababu. Tena vinasaba vya kirusi hiki hujipachika ndani ya vile vya seli za ini, ndiyo maana saratani yaweza kuota hata pasipo sirosisi, yaani ini kujaa makovu. Mwenye sirosisi, au aliye na ndugu aliyeugua saratani ya ini, anapaswa kupigwa utrasaundi kila baada ya miezi 6, ajisikie mzima asijisikie.

Imani hiyohiyo ndiyo inayowafanya wengine waache tenofovir wakishapata nafuu. Dawa hiyo huvizuia virusi visizaliane, haivifagii vyote mwilini. Ikikatizwa kiholela vinaweza kulipuka na ini likashindwa kazi ndani ya majuma machache.

Mengine nayasema kwa ufupi. Sahani, kikombe na kupeana mikono haviambukizi. Damu, ngono na wembe wa kuchangia huambukiza. Mama anaweza kunyonyesha, muhimu mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Chanjo haimtibu aliyekwisha kuambukizwa, hivyo pima kwanza. Mizizi ya “kusafisha ini” iacheni kabisa, maana nimeshapokea wagonjwa ambao ini lao liliharibiwa na dawa hizo kuliko na virusi. Na jambo nisilochoka kulirudia: mahindi na karanga zenye ukungu zitupwe, kwa kuwa sumukuvu ikikutana na kirusi hiki huongeza maradufu kwa maradufu hatari ya saratani ya ini.

Mvuvi yule aliniuliza kama mkewe ndiye aliyemwambukiza. Swali hilo limevunja ndoa nyingi bila sababu, kwani watoto wachanga wapatao 9 kati ya 10 wanaoambukizwa hubaki na kirusi maisha yote, ilhali kwa watu wazima ni chini ya 5 katika kila 100. Yaelekea amekuwa nacho tangu utotoni. Nimemwagiza awalete mkewe, wanawe na ndugu zake wa tumbo moja. Asiye na kirusi wala kinga atachanjwa dozi 3. Atakayekutwa nacho atafunguliwa jalada siku hiyohiyo.