Kompyuta moja, watu wanne

Hapa Langoni, Lamu, bado nasikia: "Kompyuta moja ni ya mtu mmoja, mkikaa wanne itakwama." Si kweli. Tangu 1961, pale chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, mfumo wa CTSS, wa kugawana muda wa kompyuta, ulionyesha watu kadhaa wakitumia mashine moja kwa pamoja. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, humhudumia kila mmoja kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha huhamia kwa mwenzake. Wewe unapoitafuta herufi kwenye kibodi, yenyewe inakungoja tu, haina kazi! Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, ukiupanga hivyo huweza kumtengea kila mtu skrini, kibodi, kipanya na faili zake. Kinachobana mapema mara nyingi ni kumbukumbu (RAM): wote mkifungua programu nzito kwa pamoja, hapo inaweza kukwama kweli. Na umeme ukikatika mnazimikiwa wote, basi hifadhini kazi kila mara.