Alikuwa keshavunja ungo? Kumtafuta mama mzaa bibi katika Unguja ya 1896

Wengi wanaonijia kutafuta nasaba zao Unguja huja na jina. Huwaambia waliweke kando kwanza. Siti binti Saad mwenyewe, yule mwimbaji wa taarab, mzaliwa wa Fumba, jina lake la mwanzo lilikuwa Mtumwa. Ukimtafuta "Siti" kwenye karatasi za utoto wake utakesha.

Mimi naanza na matukio. Mzee usimuulize mwaka. Muulize lipi lilitokea kabla ya lipi. Mjukuu mmoja aliniletea kauli ya bibi yake kwamba mamaye "alikuwa keshavunja ungo manowari zilipopiga jumba la mfalme". Hiyo ni hazina! Waingereza walilipiga kasri tarehe 27 Agosti 1896, asubuhi, kwa muda usiofika hata saa moja, ili kumng'oa Khalid bin Barghash aliyejitwalia usultani. Basi binti huyo alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1880, au nyuma kidogo.

Sasa tarehe inaanza kusema. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na kuwasafirisha kwa bahari kukapigwa marufuku. Kama kweli "aliletwa kutoka bara", aliletwa kwa magendo, na magendo hayaachi karatasi. Kama ni mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa papa hapa, tunatafuta shamba la bwana wa mama yake, tena hata Pemba, maana kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kazi nyingi ikahamia kule.

Halafu inakuja Amri ya Sultan Hamoud, Aprili 1897. Haikumwachia kila mtu siku ileile: mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Familia hupekua kumbukumbu hizo, zisipomwona bibi zinashangilia kwamba hakuwa mtumwa. Polepole. Masuria, watumwa wa kike walioishi na mabwana zao kinyumba, waliachwa nje ya amri ile, wakihesabiwa kama wake, mpaka 1909. Suria aliyemzalia bwana wake hakuuzwa, na bwana akifa alikuwa huru, lakini hakurithi. Aliyerithi ni mwanawe. Kwa hiyo mwanamke huyo namtafuta kwenye mirathi ya bwana: mtoto yumo kwenye mgao pamoja na watoto wa mke wa ndoa, mama hatajwi. Nikimkosa hapo naingia kwenye hati za wakfu, yaani mali iliyotengwa kwa manufaa ya watu fulani, kwani wako mabwana waliowawekea nyumba watumwa waliowaacha huru.

Wajukuu wengine wakifika hapa huniomba tuishie kwenye mirathi. Hiyo ni haki yao.