Nyoka aliyezoea panya wa nyumbani: jinsi ya kumhamishia kwa panya mweupe

Wengi wanaoniletea nyoka aliyegoma kula hapa Lubumbashi wanafika na jibu tayari: "Papa Daktari, huyu ni mgonjwa, umupe dawa ya minyoo." Nikimwangalia, mara nyingi namkuta mzima. Ngozi safi, mdomo hauna usaha wala mate ya kunata, misuli imejaa pande zote mbili za uti wa mgongo. Huyo hajagoma. Amewekewa panya mweupe, naye hajui kwamba ni chakula.

Nazungumzia zaidi nyoka wa nyumba, wa jenasi Boaedon: wa kahawia, mwenye mistari miwili ya rangi hafifu kichwani, mmoja ukipita juu ya jicho na mwingine chini yake. Hana sumu. Ndiye anayeokotwa nyuma ya magunia ya makala (makaa), chini ya mabati yaliyolundikwa uani, au kwenye chumba cha unga. Akiwa na bahati asipigwe fimbo, kijana wa nyumbani atamtia kwenye bidoni na kuanza kumfuga. Nyoka huyo alikuwa akiishi pale kwa sababu ya panya, na panya wengi wa nyumba zetu ni Mastomys natalensis, yule wa kijivu kilichochanganyika na kahawia, ambaye jike lake lina chuchu nyingi kupita panya wengine. Harufu ya panya huyo ndiyo aliyokua nayo.

Basi kwa nini asiendelee kula huyohuyo? Kwanza ni sumu. Zile nyingi zinazouzwa kwa vipakiti sokoni huzuia damu kuganda, na panya aliyezila hafi papo hapo. Anatembea siku kadhaa akiwa mlegevu, na ndiye anayekamatwa kwa urahisi kuliko wote. Sumu iko bado mwilini mwake, na nyoka anaimeza pamoja naye. Pili ni minyoo na viroboto. Tatu ni wewe mwenyewe: mkojo wa panya hao unaweza kubeba leptospira, bakteria wanaowapa watu ugonjwa, na mitego unaishika kwa mikono yako. Panya mweupe wa kufugwa kwenye kizimba unajua amekula nini, na ukubwa wake unauchagua mwenyewe.

Sasa, nyoka anamtambua panya namna gani? Macho yanamwonyesha kitu kinachotembea, basi. Uamuzi unafanywa na ulimi. Ulimi ukitoka unakusanya chembechembe za harufu, ukirudi unazipeleka kwenye kiungo kilichopo kwenye paa la mdomo, kinachoitwa kiungo cha Jacobson. Hapo ndipo nyoka anajua: hiki chakula, hiki si chakula. Chatu wana msaada mwingine, vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto. Nyoka wa nyumba hana vishimo hivyo, kwa hiyo kwake harufu ndiyo karibu kila kitu. Rangi nyeupe ya panya, ambayo wafugaji wengi wanailaumu, haina uzito mkubwa. Nimeona watu wakimpaka panya masizi ili afanane na yule wa nyumbani. Kilichobadilika ni kwamba sasa ananuka masizi.

Kabla ya kugusa habari ya harufu, angalia joto. Wageni wanadhani Kongo yote ni joto, lakini sisi tuko kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai hapa hushuka chini ya nyuzi 10. Nyoka aliyepoa hawezi kusaga chakula, na mwili wake unalijua hilo kabla yako, ndiyo maana anakataa. Hata akikubali, panya anaweza kuoza tumboni na kutapikwa. Upande mmoja wa sanduku uwe kwenye nyuzi 28 hadi 30 kwa nyoka wa nyumba, 31 au 32 kwa chatu, na upande wa pili ubaki wa baridi kidogo ili achague mwenyewe. Umeme ukikatika, bidoni ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa inasaidia saa kadhaa. Mbabula, yaani jiko la makala, usiiingize chumbani usiku kwa ajili ya nyoka. Moshi wa makala usioonekana unaua watu, na kila msimu wa baridi tunasikia habari hizo.

Angalia pia macho. Yakiwa na ukungu wa bluu, nyoka anajiandaa kujivua ngozi, mwache. Akishajivua ana njaa kali, na hiyo ndiyo wiki nzuri ya kuanza.

Kosa ninaloliona kila mara ni kubadilisha vitu vitatu kwa mkupuo: kutoka panya hai hadi aliyekufa, kutoka wa nyumbani hadi mweupe, kutoka mwenye joto la mwili hadi aliyetoka frizani. Badilisha kimoja tu. Mimi naanza na panya yuleyule anayemjua, lakini akiwa ameshakufa, kwa sababu panya hai aliyebanwa kwenye sanduku anauma. Nimeshona nyoka waliotafunwa mgongoni usiku kucha kwa sababu walikuwa hawana njaa na mwenyewe alikwenda kulala. Panya huyo wa mpito mtafute mahali pasipotegwa sumu, na umgandishe kwanza wiki kadhaa ili kupunguza vimelea.

Hapo inaingia habari ya friza, na hapo ndipo familia nyingi zinagombana. Mama mmoja wa Katuba alikuja naye mwenyewe kliniki, amemshika mwanawe bega: "Daktari, mwambie huyu, panya hawalali na samaki wangu wa tomson." Nilimpa haki mama. Wafungwe kwenye mfuko, mfuko uingie kwenye boksi lenye kifuniko, na boksi lisitumike kwa kitu kingine. Mama akikataa bado, basi hakuna friza: fuga panya weupe wachache na umuue mmoja siku ya mlo, kwa haraka na bila kumtesa. Na kama umeme wenu unakatika siku mbili tatu, panya aliyeyeyuka asigandishwe tena. Mtupe.

Nyoka akishakubali panya wake wa zamani aliyekufa, ndipo mweupe anaingia. Muoshe kwa maji matupu, bila sabuni, ili harufu yake ipungue. Mkaushe. Kisha mviringishe kwenye takataka za panya wa nyumbani, yaani nyasi au maranda aliyolalia na kukojolea, na umsugue hasa kichwani na puani, kwa kuwa nyoka huanzia kumeza kichwani. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi kwa nyoka wagumu, ni kuunganisha: mpe panya mdogo wa zamani, na mkia unapokaribia kupotea mdomoni, gusisha pua ya mweupe kwenye kona ya mdomo. Taya bado zinafanya kazi, harufu bado imejaa, na mara nyingi anaendelea kumeza bila kuuliza. Panya wote wawili wawe wadogo. Unene wa mlo mmoja usizidi sehemu nene ya mwili wa nyoka.

Siku ya kumpa, chagua jioni, giza likianza. Sufuria ya maji juu ya mbabula huko nje, maji yawe ya moto ambao mkono unauvumilia bila shida. Panya aliyeyeyuka kabisa tia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, mwache humo mpaka apate joto, kisha kichwa pekee kirudi dakika moja zaidi. Mkaushe. Mshike kwa koleo ndefu, kamwe si kwa vidole, mlete kutoka mbele na chini kidogo, siyo kutoka juu kama mwewe.

Tazama ulimi. Mwanzoni unatoka polepole na kukaa nje. Akipendezwa, unaharakisha, kichwa kinageuka kumfuata panya, shingo inajikunja kama herufi S. Hapo ndipo watu wanaharibu, wanaanza kumtikisa panya kwa furaha. Tulia. Msogeze kidogo tu, nusu kidole, kisha simama. Akirudisha kichwa nyuma na kuficha shingo, anaogopa, hana njaa. Ondoa mkono, weka panya kwenye kiboksi chenye tundu pamoja na nyoka, funika kwa kitambaa, mpaka asubuhi. Nyoka wa nyumba wengi wanakula mtu akishaondoka. Asipokula, mtupe panya, subiri wiki nzima. Kumpa kila siku ni kumfundisha kukataa.

Akishameza mweupe mwenye harufu ya kukopa, mlo unaofuata sugua kichwa tu, halafu pua tu, halafu acha. Wengine wanakubali hima, wengine wanarudi nyuma hatua moja kabla ya kwenda mbele. Baada ya kila mlo usimshike siku mbili. Akitapika, mpumzishe wiki mbili, kisha anza na kitu kidogo. Mimi simlazimishi nyoka mzima kwa kumsukumia chakula kooni. Koo linachanika, na mlo unaofuata unakuwa vita.

Wapo ambao harufu peke yake haitoshi kuwashawishi, au haitasaidia kamwe. Crotaphopeltis, yule mwenye kichwa cheusi kinachong'aa na midomo myeupe, anakula vyura. Kipande cha ngozi ya chura kilichowekwa kichwani mwa kitoto cha panya kinafanya kazi kwa baadhi yao, na ni kazi ya subira. Chatu aliyezoea panya humkubali kifaranga kwa urahisi wa kushangaza, ila kinyesi chake kitakuwa cha majimaji, usiogope. Lakini Dasypeltis anakula mayai ya ndege tu. Karibu hana meno, na ganda analivunja kwa vijiti vya mifupa vinavyoshuka kutoka kwenye uti wa mgongo ndani ya koo. Panya hatamla hata umpake nini. Kwake kubadilisha ni kutoka yai la ndege wa porini hadi yai bichi la kware, lisilooshwa, lililolazwa usiku ndani ya kiota kikuukuu cha ndege. Kama huna kware karibu, mrudishe alikotoka.

Mizani ya jikoni nunua, iwe ya nyoka peke yake. Mpime kila wiki na uandike. Nyoka mnene wa nyumba anaweza kukaa bila kula wiki nyingi, na chatu dume msimu wa kujamiiana hukaa miezi, bila hasara yoyote. Akishapoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au akianza kupumua kwa mdomo wazi na kutoa mapovu, acha habari ya panya mweupe, mpe anachokijua, na umlete. Umlete na kile kidaftari cha uzito pia.