David Paterson na kiti kilichobaki wazi

Wanafunzi wangu wa sheria za katiba wakiniuliza naibu gavana ana kazi gani hasa, huwasimulia habari za David Paterson wa New York.

Machi 2008 Gavana Eliot Spitzer alijiuzulu kwa kashfa ya makahaba. Tarehe 17 naibu wake akala kiapo huko Albany, na jimbo likapata gavana wake wa kwanza mweusi. Wengi walimwona kama mtu aliyeokota dodo chini ya mnazi. Hawakumtendea haki. Jicho lake la kushoto halioni kabisa, la kulia linaona kidogo mno, tangu uchangani. Shule za jiji zilikataa kumweka darasa la kawaida, familia ikahamia Hempstead ili asome na wenzake. Nukta nundu hakujifunza. Wasaidizi walimsomea taarifa na kumrekodia, na hotuba alizihifadhi kichwani. Kwa zaidi ya miaka 20 aliwakilisha Harlem katika seneti ya jimbo kwa namna hiyo.

Ila alipopanda yeye, cheo cha naibu kilibaki bila mtu, na naibu ndiye huongoza vikao vya seneti. Juni 2009 maseneta wawili wa chama chake, Democratic, waliungana na Republican. Mmoja akarudi, kura zikawa 31 kwa 31, kila upande ukidai uongozi, na miswada ikakwama kwa wiki kadhaa.

Tarehe 8 Julai Paterson akamteua Richard Ravitch kuwa naibu wake. Alitegemea kifungu cha 43 cha sheria ya maofisa wa umma, kinachomruhusu gavana kujaza nafasi ambayo sheria haikuiwekea utaratibu mwingine wa kujazwa. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Andrew Cuomo, alikuwa ameshasema uteuzi wa aina hiyo unavunja katiba. Kesho yake seneta wa pili akarejea chamani, na Septemba Mahakama ya Rufaa, iliyo ya juu kabisa jimboni, ikauhalalisha uteuzi kwa kura 4 dhidi ya 3. Kwangu mimi, hili ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya.

Paterson hakugombea tena mwaka 2010, na Cuomo ndiye aliyemrithi. Agosti 2021 Cuomo naye akajiuzulu, naibu wake Kathy Hochul akashika ugavana, kisha akamteua Brian Benjamin kuwa naibu kwa njia ileile.