Je, topolojia ni hesabu ya kuvuta mpira?

Ukiuliza topolojia ni nini, wengi watakujibu kwamba ni jiometri ya mpira: umbo unaweza kulivuta, kulikunja na kuliminya, mradi usilichane wala kulitoboa. Jibu hilo husaidia kuanzia, ila linapotosha. Kuvuta siyo kiini chake.

Chukua kamba, unganisha ncha zake upate duara. Chukua nyingine, ipige fundo kwanza, ndipo uunganishe ncha. Hiyo ya pili ivute utakavyo, fundo halifunguki. Kwa kanuni ya mpira, basi, haya ni maumbo mawili tofauti. Topolojia inasema ni umbo moja.

Sababu ni ujirani. Tembeza kidole juu ya kamba yoyote kati ya hizo: daima kuna sehemu inayofuata na sehemu uliyotoka, na mwishowe unarudi ulikoanzia. Fundo halibadilishi chochote katika safari hiyo. Hata ukiikata kamba, ukafungua fundo na kuunga pale pale ulipokata, kila nukta imerudishiwa majirani wake wa awali. Ukiiacha imekatika, hapo ndipo nukta zilizokuwa pamoja hutengana, na umbo huwa jingine kweli. Fundo lenyewe linahusu jinsi kamba ilivyokaa katika nafasi inayoizunguka, nalo lina tawi lake ndani ya topolojia: nadharia ya mafundo.

Wazo hili lilikomaa polepole. Mwaka 1736 mwanahisabati Leonhard Euler alitatua fumbo la madaraja saba ya mji wa Königsberg (je, waweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu?) bila kujali urefu wa daraja hata moja; alichohitaji ni kujua lipi linaunganisha wapi na wapi. Mwaka 1914 mwanahisabati mwingine, Felix Hausdorff, akaweka msingi wa ujirani usiohitaji kabisa kipimo cha umbali, hatua ambayo kwangu ndiyo nzuri kuliko zote.

Kukata na kuunga hutokea pia ndani ya seli. DNA inaponakiliwa hujisokota na kufungamana. Vimeng'enya viitwavyo topoisomerasi, ambavyo cha kwanza kilielezwa na James Wang mwaka 1971, huikata, huondoa msokoto, kisha huiunga pale pale. Mpangilio wa herufi za urithi haubadiliki. Dawa ya ciprofloxacin huzuia hatua hiyo ya kuunga katika bakteria: DNA hubaki imekatika, na bakteria hufa.