Waacheni wanafunzi kwanza, fuateni mfuko

Wiki iliyopita niliitwa tena kwenye kikao cha kamati ya mazingira ya chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Ajenda ilikuwa mapipa ya rangi tofauti ya kutenganishia taka yaliyowekwa kwenye majengo ya madarasa, ambayo tangu yaletwe yanajaa mchanganyiko tu. Hazikupita dakika kumi, sentensi ikatoka: "Tatizo ni wanafunzi wetu, hawana elimu ya mazingira." Vichwa vikaitikia. Ikapendekezwa semina, fulana na bango. Nimeisikia sentensi hiyo kwenye kila chuo nilichofanyia kazi ya taka, na imenichosha. Leo naiandikia.

Kabla ya kikao nilikuwa nimeomba kupekua taka za jengo moja. Unatandaza turubai nyuma ya jengo, unavaa glavu, unamwaga mifuko ya siku nzima, unachambua na kupima kila fungu. Nilifika mapema, kwenye saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikamkuta mama wa usafi korido ya ghorofa ya tatu. Akachukua pipa la bluu, akalimimina kwenye mfuko mweusi. Akachukua la kijani, akalimimina mfuko uleule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nilipomuuliza hakuficha. "Nimepewa mfuko mmoja kwa ghorofa mbili. Hata nikitenga, chini kizimba cha taka ni kimoja. Gari likija linazoa vyote."

Wanafunzi wawili waliowahi darasa walikuwa wamesimama palepale, chupa mkononi, wanatazama. Hao ndio mnaotaka kuwapeleka semina? Elimu wanayo. Wameona kwa macho yao kwamba mapipa mawili yanaishia mfuko mmoja na safari moja ya kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, na wameacha kuhangaika. Mimi pia ningeacha.

Kumbukeni mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, Juni 1, 2019. Muuza nyanya sokoni hakupelekwa semina. Mfuko uliondoka, ukaja mbadala, mikono ikazoea. Na pale palipobaki upenyo, kwenye vile vifungashio laini vya plastiki vya kufungia bidhaa, watu wakaupita upenyo huohuo wakavigeuza vibebeo. Mtu hufuata njia iliyo wazi mbele yake, na chuoni njia hiyo sisi ndio tunaoichora.

Sasa pipa lenyewe. Hapa naomba uvumilivu, maana ndipo panaponikera kuliko pote. Pipa la kurejeleza, yaani la taka zinazoweza kutengenezwa upya, likisimama peke yake ni pipa la taka tu. Mtu anatoka kafeteria ameshika boksi la chipsi lenye mifupa na tomato sosi. Pipa la kawaida liko mwisho wa korido, la chupa liko mbele yake. Atatupa wapi? Kosa hilo si lake. Mapipa yakae pamoja kila mahali, bega kwa bega, na asiyeweza kununua mawili asiweke hata moja. Bora vituo vitano vilivyokamilika kuliko mapipa ishirini yaliyotawanyika hadi kwenye vimbweta, vile viti na meza vya nje vya kusomea. Mfuniko wa pipa la chupa uwe na tundu la duara linalopitisha chupa na kukataa boksi. Wa karatasi uwe na mwanya mwembamba. Mkono unaokutana na tundu dogo husita kidogo, na kusita huko ndiko ninakokutafuta. Na maandishi "TAKA REJESHI" futeni. Mwenye kikombe cha karatasi hajui kama ni rejeshi au la, na ana haki ya kutojua, kwa kuwa ndani kikombe kimepakwa utando wa plastiki. Bandikeni picha ya vitu vinavyouzwa kweli kwenye kantini ya jengo hilo.

Ofisi za wahadhiri ni rahisi: ondoeni kikapu chini ya meza, wekeni boksi la karatasi nyeupe kando ya mashine ya kudurufu. Tuendelee.

Kila semina watu hugombana kuhusu vizibo. Niliwahi kukaa saa nzima nikisikiliza mjadala wa kizibo kutolewa au kuachwa! Kiwandani chupa husagwa na kutiwa majini: vipande vya chupa huzama, vya kizibo huelea, vinaondolewa juu. Kinachotuumiza ni kimiminika. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu kati ya 10 na 20. Maji ya vidole viwili yanayobaki ndani yana uzito mara kadhaa ya huo. Mnunuzi wa kilo hawezi kulipia maji, kwa hiyo anakata bei ya mzigo wote. Ikiwa ni soda au chai ya maziwa, inamwagikia karatasi zilizo jirani, na karatasi iliyolowa chai hakuna anayeitaka. Ndoo ya kumwagia, yenye chujio juu, ikikaa kando ya mapipa hufanya kazi kuliko mabango yote niliyowahi kubandika.

Nina mashaka yangu pia. Ripoti zetu hujisifu kwa kilo, nami nimeziandika hizo kilo. Lakini chuo kikiweka mabomba ya maji safi ya kunywa, chupa zitapungua na ripoti itaonyesha tumeshindwa. La pili linaninyima usingizi: chupa za chuoni tayari zina wenyewe, vijana waokota makopo wanaoingia alfajiri. Mradi unapofika na mizani na sare, unachukua kile chenye bei na kuwaachia uchafu. Nimejaribu kuwaandikisha na kuwapa saa yao kizimbani. Iliwasaidia baadhi, wengine walifukuzwa getini hivyohivyo.

Kwenye kikao niliomba mkataba wa usafi. Malipo yamehesabiwa kwa mita za mraba za sakafu. Neno "kutenganisha" halimo hata mara moja. Nikausoma kwa sauti, ukurasa hadi ukurasa, na mazungumzo ya kuwalaumu wanafunzi yakaisha yenyewe.

Fulana zimeahirishwa. Kizimba kitajengwa ukuta katikati, na Jumatatu mama wa ghorofa ya tatu anapewa mfuko wa pili, angavu, unaoonyesha kilichomo ndani.